Kikapu cha Mama Mdogo Hakina Saa

Mama yangu mdogo ana fremu ya duka la kanga na vitenge Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, na kwa muda mrefu aliamini kwamba kazi yangu mimi ni kutengeneza simu. Nilimweleza mara nyingi kwamba naandika programu za kompyuta. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha mteja akiingia na simu iliyogoma kuwaka, ananionyesha kwa kidevu: "Mpe huyo mwanangu, amesomea."

Kwa hiyo siku aliponiomba nimtengenezee duka la mtandaoni, nilijihesabu mshindi. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, sina mke (hilo yeye hulisema mbele ya wateja, basi nilitaje mwenyewe mapema), na nilikuwa nimetoka kusoma habari za ruwaza za usanifu. Ruwaza ni namna za kupanga programu ambazo waliotutangulia wamezijaribu, zikawafaa, wakazipa majina ili sisi wengine tusiumize vichwa upya. Mtu akishazijua hupatwa na ugonjwa mmoja: anaziona kila mahali. Nilikuwa siwezi kukaa kwa muuza kahawa bila kuanza kumpangia birika na vikombe vyake.

Moyo wa duka la mtandaoni ni kikapu. Mteja anatazama picha, anagusa anachokitaka, kinaingia kikapuni, akiridhika analipa. Kitu chepesi ukikisikia, lakini ndani yake kuna kazi, na mimi nilikipangia ruwaza tatu. Ya kwanza inaitwa Mkakati: unaandika njia mbalimbali za kupata bei, kisha kikapu kinachagua inayomfaa mteja huyo. Ya pili ni Mtazamaji: kitu kimoja kikibadilika, wote wanaokifuatilia wanaarifiwa papo hapo. Ya tatu ni Hali: kikapu kinajijua kama ni kitupu, kimejazwa, kinasubiri malipo au kimefungwa, na katika kila hali kinajua nini kinaruhusiwa. Nilipomaliza kuchora haya yote kwenye karatasi nilimwonyesha mama mdogo. Akasema mchoro ni mzuri, ila rangi ingependeza zaidi.

Bei ndiyo iliyonivunja nguvu kwanza. Nilidhani ziko mbili, jumla na rejareja. Nikakaa dukani siku nzima na daftari, nikagundua kuna bei ya mtu wa mkoani, bei ya jirani wa Magomeni, bei ya aliyefiwa, bei ya anayeanza biashara, na bei ya anayejidai anajua bei, ambayo ni kubwa kuliko zote.

"Hiyo ya mwisho nitaiandikaje?" nikamuuliza.

"Utamjua tu akiingia."

"Mtandaoni haingii, mama. Anagusa."

Akanitazama kwa huruma. "Basi huo mtandao wako unapitwa na mengi."

Tukakubaliana bei mbili, yeye shingo upande. Kilichofuata ni suala la mvungu wa kaunta, na hapo ndipo ningetakiwa kuwa na akili zaidi.

Chini ya kaunta yake kulikuwa na nafasi ndefu iliyojaa vifurushi. Mteja akipenda kanga na hana nafasi ya kuichukua siku hiyo, anasema "niwekee", mama mdogo anajibu "nimekuwekea", anaifunga kwa utepe wa kitambaa chakavu na kuisukuma mvunguni. Haandiki jina wala tarehe. Tangu hapo kanga hiyo kwa watu wengine haipo. Nimemshuhudia akimwambia mteja "imeisha" huku pindo la kanga yenyewe likichungulia karibu na mguu wake, na mteja analiona, na yeye anaona kwamba mteja analiona, na hakuna anayebisha. Mtaa mzima unafanya hivyo. Kitu kilichowekwa hakiguswi, hata aje mtu na fedha mkononi.

Mimi niliona uchafu. Nikamwambia kwamba kikapu changu kitafanya kazi hiyo kwa usafi zaidi, kwamba mvungu ule ungetosha kabisa mashine ya kuchapisha risiti, na kwamba mtu wa siku hizi haweki mizigo ya watu kwa kukariri. Alifikiri kidogo. Nadhani hakushawishika hata chembe, ila mimi ni mtoto wa dada yake na nilikuwa nimekuja na mchoro. Akahamishia vifurushi kwenye rafu ya nyuma, akapangusa mvungu kwa mkono wake, nami nikaweka mashine yangu pale kwa fahari ya mtu aliyehamia nyumba mpya.

Mzigo wa kwanza mkubwa ulikuwa wa rafiki yake, mama mmoja anayekaanga samaki soko la Feri. Hao wawili walisoma madrasa pamoja Magomeni na mpaka leo wanakaa mitaa miwili tofauti pale pale. Binti pekee wa mama huyo alikuwa anaolewa, harusi ikiwa imebaki wiki mbili kasoro, na akina mama wa Feri walitaka sare: wakaangaji, waparaji, wauza barafu, watu arobaini, kanga moja. Yeye mwenyewe alikuja kuichagua. Maneno yaliyoandikwa kwenye kanga hiyo sitayataja, kwa sababu ukoo wa bwana harusi bado upo na unajua kusoma.

"Doti arobaini," akasema. "Na ya kwako imo humo humo."

"Nimekuwekea," akajibu mama mdogo, kisha akanigeukia mimi kwa upole ambao mpaka leo unaniuma nikiukumbuka. "Haya, mwanangu. Weka kwenye hicho kikapu chako."

Nikamtengenezea kikapu chenye doti arobaini. Kila mwanamke angelipia yake kwa simu, kisha apite dukani kuichukua akipata wasaa, maana kazi za Feri hazina ratiba ya kistaarabu. Kulikuwa na jambo moja tu dogo. Kikapu cha kawaida kinakaa nusu saa. Mteja asipolipa, kinafunguka chenyewe na bidhaa inarudi sokoni. Ndivyo maduka makubwa yanavyofanya, ili watu wasikumbatie vitu wasivyonunua. Kwa heshima ya harusi nikaongeza muda mpaka siku tatu. Nilijiona mkarimu kupita kiasi.

Kuanzia siku hiyo mpaka mwisho wa wiki mama mdogo alikuwa Magomeni akimsaidia rafiki yake kupanga shughuli, na mimi nikabaki dukani peke yangu. Wanawake thelathini na tatu walilipa. Wengi walikuja na harufu ya mafuta ya moto, wakachukua kanga zao, wakanisalimia, wakaniuliza nitaoa lini. Ya mama mdogo nayo niliilipia na kumpelekea. Sita walikuwa bado. Alhamisi asubuhi kikapu kikatimiza siku tatu, kikabadili hali bila kelele. Mtazamaji wangu akaarifu ukurasa wa duka, ukurasa ukaandika "zimebaki sita", na kabla ya adhuhuri mtu akazinunua zote sita, akalipa papo hapo, akaja kuzichukua.

Aliyenunua ni dada mmoja winga. Mawinga wa Kariakoo hawana fremu. Duka lao ni simu. Wanaonyesha wateja wa mikoani picha za mizigo ya wenzao, wakipata mnunuzi wanakuja kuchukua. Alinipa namba ya oda, nikaitazama kwenye kompyuta, nikahesabu doti sita, nikamchapia risiti. Niliangalia namba, sikuangalia kitambaa. Mikono yangu mwenyewe ilikunja kanga za harusi ya watu na kuziweka kwenye mfuko, na nikamwambia karibu tena. Hakuna hata mstari mmoja wa programu uliokosea siku ile. Kila ruwaza ilifanya kazi kama kitabu kilivyosema, na jioni yake nilitembea mpaka kituoni nikipiga mluzi.

Jumatatu mama mdogo alirudi dukani. Saa nne hivi akaingia mwanamke wa makamo, mparaji samaki, magamba mawili matatu bado yamemganda kwenye kiwiko cha mkono.

"Nimefuata sare yangu," akasema. "Na pesa yake ninayo hapa, hayo mambo ya simu mimi siyawezi."

"Mpe," mama mdogo akaniambia.

Nikafungua kompyuta. Nikatafuta kikapu, nikakiona kimefunguka. Nikatafuta kanga, nikaona sifuri. Nikageuka kutazama rafu, kana kwamba rafu ingenionea huruma. Wakati huo ndipo picha ya yule winga na mfuko wake iliponijia.

Mama mdogo aliisoma sura yangu, nadhani aliisoma yote, kisha akamsogezea yule mama kigoda. "Mvua ya jana iliharibu njia, mzigo wa mwisho haujaletwa huku mbele," akasema. "Njoo kesho kutwa. Nimekuwekea."

Mvua ya jana ilikuwa manyunyu. Alisema neno lile mara ya pili juu ya kitu ambacho hakuwa nacho, na kwa mfanyabiashara wa mtaa ule hakuna deni zito kuliko hilo. Yule mama alipoondoka, nikaanza kueleza habari za hali na muda wa kikapu. Akaniacha nieleze mpaka nikaishiwa.

"Kwa hiyo kikapu kimewauzia watu sare ya harusi ya binti yetu," akasema.

"Mimi ndiye niliyekiambia kisubiri siku tatu."

"Nani alikutuma kumwekea mtu kitu kwa kuhesabu siku?"

Nikatoka kwenda kumtafuta winga.

Nilimkuta kwenye ngazi za jengo la jirani, simu mbili mkononi, anakula mihogo ya kukaanga.

"Mambo, dada?"

"Poa, injinia. Mbona unahema?"

"Zile kanga sita za Alhamisi. Zilikuwa zimewekwa. Za harusi."

Akaacha kutafuna. "Sasa mbona hukusema? Simu iliniandikia zimebaki sita. Ingeniandikia zimewekwa, mimi ningegusa?"

Nilimjua vya kutosha kuamini kwamba asingegusa. Akavuta mfuko uliokuwa nyuma yake, akatoa doti tano, akazihesabu mara mbili. "Wateja wenyewe walikuwa hawajamalizia malipo, nitawatafutia nyingine. Na ujue hizi sikupi wewe. Mama yako akisema ameweka, ameweka."

"Na ya sita?"

"Ya sita iko Tabora. Ilipanda basi Ijumaa."

Nikamrudishia fedha zake na kumwomba namba ya mteja wa Tabora. Nikampigia. Alikuwa mtu mchangamfu sana. Aliniambia kanga ameipokea, ameipenda, ameshaikata na kuikunja pindo, na hapo anapoongea nami ameivaa, anapika. Nikamwambia asante. Akaniuliza kama zipo nyingine kama hizo, maana jirani yake ameitamani.

Siku mbili nilizunguka Kariakoo nzima, fremu kwa fremu, ghorofa kwa ghorofa. Mzigo wa toleo lile ulikuwa umekwisha kila mahali. Kiwanda huchapa, watu hununua, kisha wanachapa maua mengine. Nilipata inayofanana nayo, tofauti yake ni upana wa mstari wa pindoni tu, nikampelekea mama mdogo. Hakuipokea hata mkononi.

"Wanawake arobaini wamekaa jamvi moja," akasema, "unadhani watatazama nini kama si mistari ya pindo?"

"Basi nikamwambie ukweli mwenyewe. Nitaenda Feri leo leo."

"Ukamwambie mtu anayeoza mtoto Jumamosi kwamba sare imepungua?" Akachukua zile tano, akazifunga kila moja na utepe wake. Halafu akaniomba, kwa sauti ya kawaida kabisa, nihamishe mashine yangu ya risiti. Nikaihamisha. Akazisukuma kanga mvunguni. "Ya sita niachie mimi."

Nilidhani ana njia yake. Watu wa mtaa ule huwa wana njia zao, na nilikuwa na hamu kubwa ya kuamini hivyo. Mparaji samaki akaja Jumatano akapewa yake, wengine wanne wakapewa zao, na Ijumaa wa sita naye akapewa, nami nilikuwepo nikaona kwa macho. Nikashusha pumzi. Sikuuliza imetoka wapi.

Jumamosi mchana nilikwenda Magomeni kusaidia kushusha viti. Uani kwa bibi harusi kulikuwa kumetandikwa majamvi, na akina mama wa Feri walikuwa wamekaa safu kwa safu, kanga moja, maua yale yale, wamependeza kwelikweli. Nikaanza kutafuta mama mdogo. Haikuchukua muda. Alikuwa safu ya mbele, ubavuni kwa rafiki yake, mahali pa heshima, amevaa kanga ya kijani.

Nilisimama na viti viwili mikononi. Ua wote ulikuwa wa rangi ya zambarau, na yeye peke yake alikuwa wa kijani, mwenye duka, aliyeleta mzigo. Hakuna mgeni aliyeingia ambaye macho yake hayakwenda pale kwanza.

"Jamani, muuzaji kakosa sare," mmoja wa wakaangaji akamchokoza, na wenzake wakacheka.

"Zambarau inanifanya nionekane mzee," akajibu mama mdogo. "Nyie mmeshazeeka, hamna cha kupoteza."

Wakacheka zaidi. Rafiki yake hakucheka. Aliitazama ile kanga ya kijani, akamtazama usoni, akamshika mkono akauweka juu ya paja lake, na ukabaki hapo mpaka bibi harusi alipotolewa. Sijui kama alijua. Mimi nilijua sasa ya sita ilitoka wapi, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kwa kosa lolote la kazini, na nimefanya mengi. Nilipanga viti vibaya mpaka nikafukuzwa.

Wiki iliyofuata nilikwenda dukani na daftari, safari hii bila mchoro. Nikamwomba anieleze, pole pole, jinsi anavyoweka.

"Unaweka mpaka lini?"

"Mpaka mwenyewe aje."

"Asipokuja?"

"Atatuma mtu."

"Asipotuma mtu?"

"Basi nitamuuliza."

"Na ukimuuliza akasema bado?"

"Si kasema bado?" Akanishangaa. "Kwani wewe ukiulizwa utaoa lini huwa unasemaje?"

Nikaandika. Kwenye kikapu nikaongeza hali ya tano, ambayo sikuikuta kwenye kitabu chochote, nikaiita Kimewekwa. Kikapu kikiwa katika hali hiyo hakina saa. Kwa wateja wengine wote ukurasa unaandika "imeisha", hata kanga ikiwa imejaa rafuni. Kila baada ya muda programu inamkumbusha mama mdogo amuulize mwenye mzigo, basi. Haina ruhusa ya kufungua chochote. Anayefungua ni yeye peke yake, kwa kidole chake. Mashine ya risiti ikahamia juu ya boksi karibu na mlango, ambako watu huigonga kwa magoti, na mvungu ukarudi kuwa mvungu. Kwa nini aendelee na vyote viwili sikuuliza. Nilikuwa nimeshajifunza kidogo.

Miezi kadhaa ikapita vizuri. Kisha siku moja wateja wakaanza kulalamika kwenye ukurasa: kuna kanga mpya ya samawati, picha yake ipo, kila wakiigusa wanaambiwa imeisha. Nikapiga simu dukani, mama mdogo akaniambia mzigo upo tele. Nikajua ni hitilafu. Asubuhi nzima nilipekua programu, mstari kwa mstari, Mtazamaji, Hali, kila kitu, nikinung'unika. Haikuwa hitilafu. Kulikuwa na kikapu kimoja katika hali ya Kimewekwa, kimekaa siku nyingi, na ndani yake doti arobaini na moja. Jina la mwenye mzigo lilikuwa langu.

Nikaenda Kariakoo kwa miguu, jua la saa saba, nikiwa na hotuba kichwani.

"Mama, shikamoo. Hiki kikapu ni cha nini?"

"Marahaba. Cha harusi yako."

"Sina mchumba."

"Si ulisema hakina saa?" Alikuwa anakunja kitenge, hakuinua macho. "Programu imeshanikumbusha nikuulize mara mbili. Nimeibonyezea 'bado'."

Nikamweleza kwamba mzigo wote huo umelala, kwamba watu wanautaka leo, kwamba arobaini ni nyingi. Alinisikiliza kwa heshima zote. Hotuba ilipoisha nikakumbuka hesabu.

"Halafu mbona ni arobaini na moja?"

Akamaliza kukunja, akakiweka kitenge rafuni, akakinyoosha ukingo.

"Arobaini za watu," akasema. "Ile moja nimejiwekea mimi, mvunguni, nimeifunga kabisa. Wewe na kikapu chako msiiguse."